Punguzo Lisilotupunguzia Kitu

Ijumaa moja baada ya swala tuliwasomea waumini hesabu za msikiti wetu hapa Kilosa. Mzee mmoja wa safu ya mbele akatuuliza kwa upole: "Katibu, si mlitutangazia kwamba wasafirishaji wamekubali kutupunguzia asilimia 20? Mbona nauli ya vifurushi ni ile ile?" Hatukuwa na jawabu. Fedha ile ni sadaka, na baadhi ya waitoao ni wauza mboga wa sokoni.

Usiku ule tuliitoa karatasi ya mkataba, ambayo tulikuwa tumeitia saini kwa furaha. Nauli ya shilingi 1,000 kwa kilo ilikuwa imeshuka kweli hadi 800. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba hakuna kifurushi kitakacholipiwa pungufu ya shilingi 5,000. Madrasa yetu huagiza juzuu na misahafu kutoka Kariakoo kidogo kidogo, kila watoto wanapohitimu, na kifurushi hakizidi kilo 3. Kwa uzito, kilo 3 ni shilingi 2,400. Sisi tulilipa 5,000 kabla ya punguzo, na 5,000 baada yake. Punguzo lile lingeanza kuonekana kwa mzigo uliozidi kilo 5 tu.

Hatusemi kwamba kiwango hicho cha chini ni dhuluma. Kifurushi kiwe kizito au chepesi, karani ataandika risiti, mpakizi atakibeba, na mtu atakilinda stendi hadi mwenyewe atokee. Chuoni tulifundishwa kwamba katika ijara sharti ujira ujulikane kwa pande zote mbili. Wetu ulijulikana na uliandikwa. Ni sisi, tuliokwisha kuwadarsisha wenzetu aya ya 282 ya Suratul Baqara kuhusu kuandikiana, ambao hatukusoma tulichoandikiwa.

Tukarudi kwa wakala. Safari hii hatukuomba asilimia. Tuliomba kiwango chenyewe kishuke hadi 3,500. Akakataa, isipokuwa tumhakikishie idadi ya vifurushi kila mwezi, jambo tusiloliweza. Tulikutana kwenye 4,000. Lililotufaa zaidi ni sharti la pili: vifurushi vya mpokeaji mmoja vinavyosafiri siku moja vihesabiwe kuwa mzigo mmoja. Tukaongeza kwamba bei ikitaka kupanda, tupewe taarifa siku 30 kabla. Wakala akacheka, akasema ustadhi angefaa kuwa wakili.

Kisha tukazungumza na madrasa mbili za jirani, tukaafikiana kuagiza pamoja wiki ya kwanza ya mwezi, kwa jina la mpokeaji mmoja. Mwezi uliopita boksi la kilo 9 lilifika kwa shilingi 7,200, yaani 2,400 kwa kila madrasa. Mzee wa safu ya mbele alitaka kuiona risiti kwa macho yake. Tulimpa, akavaa miwani, akaisoma hadi herufi ndogo za mwisho.