Barua kwa Mjomba kutoka Horicon

Mjomba,

Nimefika Wisconsin salama na mwanao hajambo, ila usitegemee picha za maghorofa. Sijamaliza hata kufungua begi akanipakia garini, tukaelekea Horicon, mji mdogo ulio kaskazini-magharibi ya Milwaukee. Njia nzima ni mahindi yaliyokauka, kisha kinamasi kikubwa ajabu, kimejaa bata bukini wanaokimbilia kusini kabla ya baridi. Kelele zao ungedhani soko limehamia majini! Lakini hatukuwafuata bata. Mwanao amenunua trekta la bustani, John Deere 110 la miaka ya 60, lililoundwa hukohuko Horicon, na mzee aliyemuuzia ana karakana yenye winchi.

Ungelipenda, mjomba. Ni dogo, la kufyekea nyasi na kusukumia theluji, lakini chuma chake ni chuma kweli. Aina hii ilianza kutoka kiwandani mwaka 1963. Injini ya asili ya trekta la mwanao ni Kohler ya silinda moja, nguvu farasi 8, bloku ya chuma cha kusubu, nayo ni mzaliwa wa jimbo hilihili: kijiji cha Kohler kiko jirani na Sheboygan, upande wa Ziwa Michigan. Haina pampu ya oili. Konrodi ina kijiko chini yake, kinachota oili na kuirusha huku na huku. Mmiliki mmoja wa zamani aliiendesha ikiwa kavu. Konrodi ikakatika, ikatoboa bloku.

Badala yake tumefunga injini ya Honda GX390. Hiyo huhitaji kuelezwa, umezifungua nyingi kwenye pampu na mashine za kukoboa. Shafti zote mbili ni za inchi moja, kwa hiyo puli ya zamani iliingia bila ugomvi. Zote huzunguka kinyume cha saa ukizitazama upande wa shafti, jambo ambalo mzee alilihakikisha kwanza kabisa, maana zingepishana, gia ya mbele ingelirudisha trekta nyuma. Matundu ya bolti hayakulingana. Tukakata bamba nene la chuma, tukalifunga kwenye matundu ya asili ya chesisi, na Honda ikakaa juu ya bamba. Kisha ikawa kazi ya rula na subira hadi puli mbili zikawa mstari mmoja, kwa kuwa mkanda ukikaa mshazari hujila ubavu.

Kwenye waya ndipo nilipojifunza. Katika ile Kohler, ukiwasha ufunguo betri hupeleka volti 12 kwenye koili. Ukizima, umeme unakatika na injini inanyamaza. Honda haihitaji betri kwa moto wa plagi, hujitengenezea kwa sumaku za flaiwili, na ili izimike waya wa koili sharti uguse bodi. Swichi ya zamani basi inafanya kinyume kabisa. Ukiunganisha waya kwa waya, betri inaiunguza koili mpya mara tu unapogeuza ufunguo. Tuliweka swichi ya aina nyingine, na kila waya wa zamani ukafungwa kikaratasi chenye jina lake.

Wapo wanaokata chesisi kwa gesi ili injini mpya ienee. Mimi nalichukia jambo hilo kwa moyo wote. Trekta lililodumu zaidi ya nusu karne linastahili kuachiwa njia ya kurudia hali yake ya asili, na ndiyo maana hatukutoboa hata tundu moja jipya kwenye chesisi. Boneti inafunga. Liliwaka, likapanda kilima nyuma ya karakana bila kuhema, na mwanao alicheka vile alivyokuwa akicheka utotoni.

Sasa anatafuta bloku nzima ya Kohler, aijenge upya taratibu msimu wa theluji. Anaomba umweleze unavyoichonga silinda iliyolika na kuipa pistoni ya ovasaizi, hasa namna unavyopima kabla ya kuchonga. Mpigie Jumapili, atakuwa nyumbani. Msalimie shangazi na wote hapo Morogoro.

Mpwa wako.