Jina Lililosahau Kazi Yake

Kazi hufa, jina likabaki. Katika nchi zisemazo Kijerumani, tangu karne ya 12 watu wa mijini walianza kuongezewa lakabu juu ya majina yao ya ubatizo, kwa kuwa kina Johannes walikuwa wengi mno mtaani. Mwenye kinu cha kusaga nafaka akaitwa Müller, mhunzi Schmidt, mfumaji Weber. Hatimaye mwana akarithi lakabu hata asiporithi nyundo. Leo yuko Schmidt ambaye hajagusa fuawe maishani mwake.

Pwani yetu haioni ajabu. Wanaosoma Ratibu ya Haddad humkumbuka Sayyid Abdallah bin Alawi wa Tarim, aliyefariki mwaka 1720. Haddad kwa Kiarabu ni mhunzi. Naye alikuwa mwanachuoni na mshairi, si mfua chuma.

Miongoni mwa majina hayo ya Kijerumani, moja lilifika bonde la Lukuledi: Ammann. Asili yake ni Amtmann, yaani mtu aliyekabidhiwa amri ya bwana mkubwa, akamkusanyia kodi na kumwamulia kesi. Kiswahili cha zama za Wajerumani kinalo neno lililo jirani yake mno: akida.

Neno hilo si jepesi Lukuledi. Wabenedikto walijenga misheni hapo mwaka 1895. Vilipozuka vita vya Maji Maji mwaka 1905, misheni ya Lukuledi na ile ya Nyangao ziliteketezwa; na katika yaliyowasha vita hivyo ilikuwamo kodi, pamba ya kulazimishwa, na mkono mzito wa maakida. Mwaka 1932 Joachim Ammann, Mbenedikto kutoka Uswisi, akawa abate wa Ndanda, na misheni ya Lukuledi ikawa chini ya mamlaka yake. Lau jina lake lingefasiriwa, wazee waliouona moto wa 1905 wangeambiwa kuwa abate wao mpya aitwa Akida.

Hapo ndipo mfasiri hutahiniwa. Kanuni yasema jina la mtu halifasiriwi, na kanuni hiyo ina uungwana ndani yake: si haki mtu kubebeshwa kazi ya babu asiyemjua. Lakini jina lisipofasiriwa, historia nayo hunyamaza.

Tena fasiri ya akida haifiki chini kabisa. Amtmann imechipuka katika ambaht, neno la Kijerumani cha kale lenye maana ya mtumishi. Aliyetumwa na bwana alipata nguvu, akaanza kutuma wengine. Neno likapanda cheo pamoja naye, utumishi ukasahauliwa.

Basi mfasiri na aliache jina kama lilivyoandikwa, kisha amweleze msomaji ya kuwa ndani yake amelala akida, na chini ya akida amelala mtumishi.