Presha Hupandia Mjini

Kwetu Macalder, Migori, mtu akipooza ghafla watu hunong'onezana kuhusu chira. Binamu yangu alipopooza upande mmoja akifanya kazi Nairobi, wazee walisema vivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza mjini alikuwa akila nini.

Mwaka 1990 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchunguzi kuhusu Waluo waliohama vijiji vya kando ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Kabila ni lile lile, lakini muda mfupi tu baada ya kufika mjini, shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu zaidi. Mkojo wao ulionyesha kuwa chumvi imezidi, na potasiamu, tunayoipata katika mboga na matunda, imepungua.

Sasa tazama sahani yako: chipsi zilizojaa chumvi, mboga kiduchu. Halafu unapanda matatu hata mwendo wa hatua chache.

Presha haibishi hodi. Usingoje kuumwa, nenda ukapimwe, na mkebe wa chumvi uutoe mezani leo.