Wageni wa Kiooni: Kumbukumbu za Sebule Yetu Eldoret

Juma hili twapenda kuzungumza juu ya kicheko cha nyumbani, nasi hatukuona njia iliyo nyepesi kuliko kuwakumbuka wageni walioingia sebuleni mwetu kwa miaka mingi pasi na kubisha hodi, wala kula chochote katika vile tulivyoandaa. Wageni hao ni watangazaji na wachekeshaji wa runinga.

Sisi asili yetu ni Mombasa, na makazi yetu ni Eldoret. Wazazi wetu walipanda huku kwa biashara ya nguo, safari ya kilomita zipatazo 800, wakaukuta mji wa baridi ambao wenyeji waliuita Sisibo, kwa sababu ya shamba nambari 64 ulipoanzia. Walikuja na mbuzi ya kukunia nazi, birika ya kahawa na Kiswahili chao. Nazi zilikuwa adimu na kahawa ilipoa kabla haijafika mdomoni, lakini Kiswahili hakikupoa. Nyanya yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwasahihisha hata makondakta wa matatu.

Zama hizo runinga ilikuwa na stesheni moja tu, Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa mwaka 1989 kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Katika safu yetu ya nyumba, yetu ndiyo iliyokuwa na runinga, kwa hiyo jioni sebule ilijaa. Mama wa Kinandi wa nyumba ya pili alikuja na wanawe na kibuyu cha mursik; fundi cherehani Mjaluo aliingia na tepu ya kupimia ingali shingoni; na muuza mboga Mkikuyu alikaa karibu na mlango, apate kutupia jicho kibanda chake. Nyanya aliwagawia mahamri, na aliyechelewa alikuta makombo.

Mtangazaji tuliyemhesabu kuwa jamaa yetu ni Leonard Mambo Mbotela. Alizaliwa Mombasa mwaka 1940, mwana wa James Mbotela wa Freretown, yule aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na miaka miwili baadaye akaanzisha Je, Huu ni Ungwana?, kipindi kilichodumu redioni zaidi ya nusu karne na kikaonekana katika runinga pia. Kwa nyanya, hoja ilikwisha pale aliposikia kuwa ni mzaliwa wa Mombasa. Sura yake ilipotokea kiooni, nyanya alitengeneza mtandio wake na kuitikia salamu kwa sauti, kana kwamba bwana yule amesimama mlangoni. Naye alipouliza swali lake, nyanya hakungoja ufafanuzi: “La! Si ungwana!”

Swali hilo likawa sheria ya nyumba yetu. Mtoto aliyechukua sambusa ya mwisho pasi na kuwauliza wenziwe alisimamishwa katikati ya sebule, na watu wote wakamwuliza kwa pamoja, je, huu ni ungwana? Ami yetu aliyezoea kuzuru wakati wa chakula aliulizwa swali hilo hilo kwa upole, akajibu kwamba ungwana ni wa mwenyeji, mgeni kazi yake ni kushiba. Hatukupata kumshinda.

Wachekeshaji waliletwa na vipindi vya Vioja Mahakamani na Vitimbi, na hapo ndipo nyanya alipopata taabu. Makokha alizungumza Kiswahili chake, Masaku chake, na Ondiek Nyuka Kwota chake, kila lafudhi ikapanda kizimbani na kujitetea. Nyanya alishika kichwa. Alisema kwamba lugha yapigwa mchana kweupe na hakimu yupo hapo hapo ametazama. Lakini tulimchungulia, tukamwona mabega yakitikisika chini ya kanga. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa akiulizia mwenyewe kama saa ya kesi imefika.

Mfalme wa wote hao alikuwa Mzee Ojwang, na mkewe wa kiooni, Mama Kayai, ambaye jina lake halisi ni Mary Khavere. Wakigombana, sebule iligawanyika pande mbili, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Nchi nzima iliwadhania kuwa mume na mke wa kweli. Fundi wetu alijigamba kwamba Ojwang ni mtu wa kwao, kwani lafudhi ile haiigiziki, sharti uzaliwe nayo. Muuza mboga alitabasamu tu na kuuangalia mlango. Siku jina la kweli la mzee yule lilipojulikana pale sebuleni, kwamba ni Benson Wanjau, Mkikuyu halisi, fundi alikaa kimya kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha kahawa. Kisha akasema kwamba basi na ahesabiwe Mjaluo wa kuasili, maana mtu aliyeifanyia lugha kazi namna ile ana haki ya kupewa shamba Kisumu. Muuza mboga akamletea sukuma wiki za bure kwa juma zima, kama mahari.

Mara moja tulikutana na mmoja wa waigizaji ana kwa ana, si miongoni mwa wale wakubwa, katika uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa mjini. Tulimzunguka kama nyuki. Alitusalimu kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sauti ya chini, akaulizia afya za wazee wetu. Ndugu yetu mdogo alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni, akatugeukia na kutangaza kwamba mtu huyu ni mwongo, si yeye. Bwana yule alicheka hadi akatoa leso. Ndipo tulipofahamu kwamba lafudhi ile ilikuwa vazi la kazi, naye siku hiyo alikuwa amelivua.

Uwanja ule ule tuliuona tena Januari 2008, katika hali nyingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mji wetu uliwaka. Kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa na watu wakiwamo ndani. Maelfu waliofukuzwa makwao walipiga mahema katika uwanja wa maonyesho, mahali tulipokuwa tukienda kucheka. Barabarani kulikuwa na vizuizi, na mtu aliulizwa jina lake na lugha ya mama yake, na jibu likaamua atapita au hatapita. Muuza mboga wetu alikuwa miongoni mwa waliolala chini ya turubai. Mama wa Kinandi alikuja kwetu usiku na blanketi mbili na debe la unga, akatuomba tumfikishie, kwa kuwa yeye hangeweza kwenda kwa siku zile na kurudi salama. Tukafikisha. Alipozipokea, muuza mboga aliuliza kwanza kama runinga yetu ingali yafanya kazi.

Tumelifikiri swali lile mara nyingi. Twaamini alikuwa akiulizia sebule. Alitaka kujua kama pangali na mahali ambapo watu wa lafudhi nne huketi juu ya mkeka mmoja, na mzee wa Kikuyu akazungumza kama Mjaluo, na asiwepo wa kumwuliza mama yake ni nani.

Waliotuchekesha hatukuwalipa walivyostahili. Mzee Ojwang macho yalipofifia uzeeni na mkono ukawa mtupu, wananchi walichanga ili atibiwe. Ilikuwa wema, lakini ulikuja jioni ya siku. Alifariki Julai 2015. Mbotela naye alitutoka tarehe 7 Februari 2025, na siku ile tuliona ajabu kwamba hapana aliyebaki nyumbani wa kutengeneza mtandio.

Leo vijana wetu wanacheka kila mmoja na simu yake, pembe yake, masikioni ametia vizibo. Hatuwalaumu, vichekesho vizuri vipo, na hata Daniel Ndambuki, maarufu kwa jina la Churchill, amewapandisha jukwaani vijana wa kila kabila wajicheke wenyewe mbele ya halaiki. Lakini mzaha unaotazamwa faraghani haupimwi na mtu. Sebuleni kwetu kila mzaha ulipimwa papo hapo, kwani aliyetaniwa alikuwa ameketi pale na kikombe mkononi. Akicheka naye, ulikuwa mzaha. Akiinamisha uso, nyanya alikuwa na swali lake tayari.

Basi tunawaomba wazee na wazazi wenzetu, mlioko Lamu, Mombasa, Malindi, na nyinyi mlio huku kwenye baridi: angalau usiku mmoja katika juma, simu ziwekwe kabatini, kiwashwe kioo kimoja, na jirani aitwe, hasa yule asiyesema kama mnavyosema nyinyi. Mahamri yawe ya kutosha. Na ikitokea mtoto kaleta mzaha wa kabila la mtu, asikemewe kwa ukali. Mwulizeni tu kwa pamoja, kwa sauti ya utani, je, huu ni ungwana? Kisha mngojeni ajibu mwenyewe.