Wana wa Mfalme Mbele ya Watu Wasio na Mfalme

Kwetu Unguja, ukigusia ugomvi wa ndugu wa kifalme, wazee watakutajia Majid na Barghash. Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, nilipoanza kuusimulia ugomvi huo, mzee wa Kiturkana aliyekuwa ameketi juu ya kigoda chake alinikatiza kabla sijafika mbali. Alitaka kujua baba yao aliacha mifugo mingapi, na mama zao walikuwa wangapi. Nililipenda swali lile, nikalichukua safari nzima.

Tulifikishwa kwenye mazungumzo hayo na tamthilia ya Korea Kusini. Jumong ilirushwa na kituo cha MBC kuanzia Mei 2006 hadi Machi 2007, sehemu 81, na kwetu iliingia kwa diski, ikipita nyumba hadi nyumba mpaka zikakwaruzika. Sikutarajia kukutana nayo tena kando ya Ziwa Turkana. Lakini jioni ile, katika kibanda cha video cha mabati, jenereta likinguruma nje na watoto wamekaa chini mbele ya mabenchi, Jumong alikuwa kwenye skrini na kijana mmoja alikuwa amesimama pembeni akieleza kila kinachotokea, sentensi ya Kiturkana, sentensi ya Kiswahili. Alieleza vizuri. Aliwapa watu wa ikulu sauti zao, na malkia akampa sauti kali zaidi ya wote.

Kwa asiyeijua, hadithi iko hivi. Mfalme Geumwa wa Buyeo analea wana watatu. Daeso na Youngpo ni wa malkia. Jumong ni mwana wa Yuhwa, na baba yake wa damu ni Haemosu, shujaa aliyekuwa rafiki wa mfalme kama ndugu, aliyepigana kuwakomboa wakimbizi wa Gojoseon, dola iliyoangushwa na Wahan wa China mwaka 108 kabla ya Kristo. Ndugu wakubwa wanamwogopa mdogo wao kabla hata hajawa mtu wa kuogopwa. Wanamwacha afie kinamasini. Sehemu hiyo ilipofika, kibanda kizima kilinyamaza, na mama mmoja nyuma yangu akasema kwa uchungu kwamba mtoto wa baba yako hatupwi kwa mkono wako.

Shangwe kubwa, hata hivyo, haikuwa ya upanga wala ya mapenzi. Ilikuwa ya chumvi. Wahan wanakata biashara ya chumvi ili Buyeo isalimu amri, watu wanaugua, na Jumong anasafiri mbali hadi anaupata mlima wa chumvi. Kalokol ni mji wa samaki. Ngege na sangara hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa juani, kisha hufungwa mizigo inayosafiri hadi masoko ya Kongo. Bila chumvi shehena yote huoza. Vilevile, wengi wa wavuvi wa hapa walikuja ziwani wao au wazazi wao baada ya ukame na uvamizi kumaliza mifugo, na katika nchi ambayo heshima ya mtu hutembea kwa miguu minne, kushika wavu kulikuwa ni kukiri kwamba umebaki mtupu. Wanaielewa chumvi kuliko sisi tuliokuwa tukiitazama tamthilia ile huku tunakula.

Asubuhi mzee aliniuliza tena habari za mifugo, nami nikamwomba anieleze kwao ndugu hugombanaje. Aliyoniambia yanalingana na aliyoyaandika mwanaanthropolojia Philip Gulliver mwaka 1955, katika kitabu kinachowalinganisha Waturkana na jirani zao Wajie wa Uganda. Kila mke hutengewa mifugo yake, na wana wake hurithi kutoka humo. Miongoni mwa Wajie, ndugu wa baba mmoja hubaki pamoja kwa muda mrefu. Miongoni mwa Waturkana hutengana: mwenye mama yake na mifugo yake hushika njia, akatafuta malisho yake, akawa mkuu wa boma lake. Husuda iko, deni la mahari liko, kaka mkubwa anayechelewesha ndoa ya mdogo kwa kuwa ng'ombe hawatoshi yuko pia. Lakini nchi ni pana, na kondoo, mbuzi na ngamia wana miguu. Kiti cha enzi hakina miguu, na huwezi kumpa mmoja nusu ya mbele na mwingine nusu ya nyuma.

Au unaweza? Hapo ndipo nilipomsimulia habari zetu hadi mwisho. Sayyid Said, baba yao Majid na Barghash, alifariki baharini mwaka 1856, akiacha Oman upande mmoja wa bahari na Zanzibar upande mwingine. Mwanawe Thuwaini alishika Muscat, Majid akashika Unguja. Mwaka 1859 Barghash, mdogo wao, aliinuka dhidi ya Majid. Dada zake Khole na Salme walimsaidia, na Salme, aliyekuwa amejifunza kuandika kwa siri, ndiye aliyemwandikia barua. Waasi walijifungia katika jumba la shamba la Marseilles, wakapigwa kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, aliyetawala India kwa niaba ya Uingereza, alitoa uamuzi: nchi zitengane, na kwa kuwa Zanzibar ndiyo tajiri, impe Muscat riali 40,000 kila mwaka.

Mzee alikubali kwa kichwa. Kutengana alikuona kuwa ni sawa, na tajiri kumtuliza ndugu yake maskini alikuona kuwa ni sawa pia. Kisha akauliza riali hizo zilitoka wapi.

Zilitoka kwenye karafuu, ushuru na biashara ya watu. Zilitoka kwa mikono ya watu waliokamatwa bara, wakavushwa hadi Unguja na Pemba, wakapanda mikarafuu na kuichuma kwa ajili ya familia ambayo ndugu zake walikuwa wakigombana. Amani ya Majid na Thuwaini ililipwa na watu wasiokuwamo kwenye barua yoyote kati ya zile alizoandika Salme. Nampenda Salme. Kumbukumbu zake, zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, ni mlango wa pekee wa kuingilia ndani ya majumba yale, na huzuni yake kwa kaka zake ni ya kweli. Lakini katika kurasa zake watumwa hupita na trei, hubeba ujumbe, hulia misibani, na yeye mwenyewe anautetea utumwa ule. Siku ikitengenezwa tamthilia ya Majid na Barghash, na ninaomba itengenezwe kwa Kiswahili na watu wa pwani, natamani ianzie shambani, kwa mtu aliyeamka kuchuma karafuu akakuta jumba la bwana limezingirwa na mizinga. Yeye alikuwa upande gani? Nani alimuuliza?

Jumong inafanya jambo hilo kwa nusu. Sehemu yake ya mwanzo kabisa inawaonyesha wakimbizi wakisukumwa kwa minyororo, kabla hatujajua nani ni mwana wa nani. Baadaye Daeso anawatumia wakimbizi haohao kama mali ya kubadilishana na Wahan ili apate nguvu za kummaliza ndugu yake. Chuki ya ikulu inageuka kuwa minyororo ya watu wengine, na hapo waandishi wa tamthilia hiyo waliona mbali kuliko wengi. Lakini wakimbizi wenyewe hawapewi majina. Hukombolewa, hushukuru, hujipanga nyuma ya farasi wa Jumong.

Njiani kati ya Kalokol na Lodwar nilishuka kwenye nguzo za Namoratunga. Ni mawe 19 ya basalti, meusi, yameegemea huku na huku, na juu yake wapita njia wameweka vijiwe vidogo. Wenyeji husimulia kwamba walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Waliozisimamisha ni wafugaji wa kwanza wa eneo hili, yapata miaka 5,000 iliyopita, wakati ziwa lilikuwa likipungua na mifugo ikiingia kutoka kaskazini. Namoratunga ina ndugu yake mkubwa, Lothagam, kusini zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba chini ya jukwaa lake la mawe, lenye upana wa mita 30 hivi, wamezikwa watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, wazee, vichanga. Karibu kila mmoja amezikwa na pambo lake, shanga za mawe ya rangi, bangili, na mmoja na pambo la kichwa lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya. Hakuna kaburi la mfalme katikati. Hakuna waliotupwa pembeni.

Nimezoea kuamini, na shule zilinifundisha hivyo, kwamba kazi kubwa ya mawe inahitaji mtu mmoja wa kuamrisha na wengi wa kubeba. Majumba ya Unguja yananithibitishia hivyo kila siku: Beit al-Ajaib ya Barghash, ambaye hatimaye alikuwa sultani, ilijengwa mwaka 1883 katika kisiwa ambacho utumwa ulikuwa bado halali. Ilinichukua muda pale Namoratunga, jua likiwa limekwishakuwa kali, kuikubali habari nyingine: kwamba watu waliobeba mawe haya kwa mikono yao waliwabebea watoto wao na wazee wao, bila kujali nani ni mwana wa nani. Sisemi walikuwa malaika. Walikuwa na wivu wao, bila shaka. Lakini hawakuujengea mnara.

Lodwar nilikaa kwa muda mfupi. Kuna nyumba ambamo Jomo Kenyatta alizuiliwa kuanzia mwaka 1959, baada ya kifungo cha Lokitaung alikofungwa pamoja na wenzake wa kesi ya Kapenguria. Jamhuri nazo zina ndugu wagombanao kama wana wa wafalme. Bildad Kaggia, mmoja wa wenzake hao, alifungwa naye kaskazini huku huku, katika joto hili hili. Uhuru ulipopatikana, Kaggia alitaka waliopoteza ardhi wakati wa vita vya Mau Mau warudishiwe bila kuuziwa. Mwaka 1965, huko Kandara, Kenyatta alimuuliza mbele ya umati amejifanyia nini, akimlinganisha na wenzao wa kifungoni waliokwishapata mashamba. Udugu wa jela uliishia hapo, juu ya ekari, na wasio na ardhi waliokuwa wakisikiliza walirudi makwao vilevile. Mtu akitaka tamthilia ya udugu na ushindani, hii ipo tayari, na waliokuwapo baadhi yao bado wako hai.

Kakuma ni mahali pengine kabisa. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudan waliofukuzwa na vita kutoka Ethiopia, na sasa ina watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingine, mji mkubwa kuliko Lodwar. Filamu hapa si jambo geni: shirika la FilmAid lilianza kuonyesha picha kwenye skrini kubwa za nje mapema miaka ya 2000, na vibanda vya masokoni vinafanya kazi mchana na usiku. Kijana Mkongomani aliyekuwa akinitembeza alikuwa ameiona Jumong yote, tena zaidi ya mara moja. Kumbe kwake sehemu bora ni ile ambayo wengi wetu huipitia haraka, ya mwisho, ambapo Soseono, mwanamke aliyejenga ufalme pamoja na Jumong, anawachukua wanawe Biryu na Onjo na kuondoka nao kusini ili wasije wakagombania kiti na Yuri, mtoto wa Jumong. Nilimwambia kwamba mzee wa Kalokol angemsifu Soseono: ndivyo ndugu wa Kiturkana wanavyofanya, hutengana kabla ya damu.

"Kaka," akaniambia, "yeye alikuwa na pa kwenda."

Mkimbizi wa Kakuma haruhusiwi kutoka eneo la kambi bila kibali cha safari. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imefungua njia fulani, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa mwaka 2025 unataka kambi zigeuke makazi ya kawaida, wenyeji na wageni wakitumia shule na hospitali zilezile. Kalobeyei, iliyoanza mwaka 2016 katika ardhi ya kama hekta 1,500 iliyotolewa upande wa magharibi wa Kakuma, ndipo jambo hilo linapojaribiwa kwa muda mrefu zaidi. Mwanamke wa Kiturkana huleta kuni na makaa, mkimbizi humlipa kwa sehemu ya posho yake, na posho inapopunguzwa, kama ilivyopunguzwa mara kadhaa miaka hii, nyumba mbili hulala na njaa. Hakuna kati yao aliyewahi kuketi karibu na kiti cha enzi. Nilipokuwa ninaondoka, walikuwa kwenye foleni moja ya maji, madumu ya manjano yamepangwa mbele, mama wa Kiturkana na mama wa Kisudani wakibishana kwa Kiswahili juu ya nani alifika kwanza, na yule wa Kisudani akasogeza dumu lake nyuma kwa kuwa mwenzake alikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni.