Usharika Kati ya Wachungaji Wawili

Kipindi cha mpito katika usharika ni muda ulio kati ya ibada ya mwisho ya mchungaji anayeondoka na ibada ya kumwingiza kazini mrithi wake. Huweza kuwa wiki mbili, huweza kuwa miezi mingi, hasa mchungaji anapofariki akiwa kazini au anapoondolewa ghafla. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), mchungaji hupangiwa kituo na dayosisi, na dayosisi ndiyo humhamisha. Anapofunga mizigo, wanaobaki na waumini ni wazee wa kanisa na wainjilisti wa mitaa. Kuwatia moyo watu katika muda huo ni kazi yenye utaratibu wake, na utaratibu huo ndio uliochukua sehemu kubwa ya maisha ya mwandishi wa tawasifu hii, mwinjilisti mstaafu wa mitaa ya mteremko wa Kilimanjaro.

Kazi hiyo ni kongwe kuliko KKKT yenyewe. Wamisionari wa Leipzig walianza Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa nchini, na kufikia mwaka 1920 kundi lilikuwa limebaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, mpaka Walutheri wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walipokuja kusaidia na Wajerumani wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya pili vikawaondoa tena. Walimu waliobaki hawakuwa na joho wala mshahara wa kutegemea, lakini watoto waliendelea kufundishwa Katekisimo na wafu waliendelea kuzikwa kwa maombi. Mwaka 1963 makanisa 7 yaliungana kuwa KKKT, na Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Alipofariki mwaka 1976, Sebastian Kolowa alishika nafasi ya mkuu wa kanisa, naye Erasto Kweka akawa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini. Mwandishi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi, na mahubiri ya kutiana moyo yalisikika katika kila madhabahu.

Maisha yake kabla ya hapo hayana mengi ya kusimulia. Alizaliwa kihambani, yaani katika shamba la ukoo linalozunguka makazi, katika nyumba ya mkulima wa kahawa aliyekuwa pia mzee wa kanisa. Alikata majani ya ng'ombe, akamaliza shule ya msingi, akapata kipaimara, akapiga tarumbeta katika kundi la vijana, kisha akaenda Chuo cha Biblia Mwika. Alitoka huko akiwa na sauti nzuri na mahubiri machache aliyoyakariri, akapangiwa mtaa.

Aliyemfundisha kazi hasa alikuwa mwinjilisti mzee wa mtaa wa jirani, mtu aliyekuwa amekwisha kuwaaga wachungaji wengi kabla ya mwandishi kuzaliwa. Mzee huyo hakuwa msemaji. Alivaa koti moja la mvua masika na kiangazi, na ndani ya koti alibeba kaunta buku lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Wachungaji wasomi walimheshimu bila kumwuliza neno. Wajane walimwuliza kila kitu.

Fundisho lake la kwanza lilihusu mahubiri. Mhubiri yeyote akipewa Jumapili ya kwanza baada ya mchungaji kuondoka, hufungua Yoshua sura ya 1: Musa amekufa, Yoshua ainuke, awe hodari, awavushe watu Yordani. Mzee alisema kuwa hiyo ni sura ya pili ya habari, na mhubiri ameruka ya kwanza. Ya kwanza imo katika Kumbukumbu la Torati 34, ambako Waisraeli walimlilia Musa siku 30 katika nchi tambarare za Moabu mpaka siku za kumlilia zikaisha. Amri ya kuvuka mto ilikuja baada ya matanga. Kwa hesabu ya mzee, usharika ambao mchungaji wake amehamishwa nao una matanga, ijapokuwa aliyeondoka yu hai na anakula ugali katika kituo kipya. Watu wasipopewa nafasi ya kulia kanisani, watalia kwenye vilabu na barabarani, na kilio cha barabarani hugeuka manung'uniko.

Namna alivyofanya ilionekana siku alipoongoza ibada baada ya mchungaji mmoja aliyependwa kuhamishwa. Alisoma habari ya kifo cha Musa, akakaa. Hakuhubiri. Aliwaambia waumini kwamba mwenye neno na alitoe. Palikuwa kimya, kisha bibi mmoja wa safu ya akina mama akasimama akishikilia benchi.

"Mwalimu, huyu ndiye aliyemzika mume wangu, na watoto wangu anawajua kwa majina. Sasa mimi nikifa, nitazikwa na nani?"

Mzee hakumjibu kwamba Bwana yupo, wala kwamba atakuja mwingine. Alifungua kaunta buku mbele ya madhabahu.

"Nitajie jina lako la ubatizo, bibi, na la marehemu, na la kila mwanao, hata walio mbali."

Bibi alitaja, mzee akaandika, usharika mzima ukisubiri. Alipomaliza, alisema kwamba mchungaji ajaye atayasoma majina hayo kabla hajafungua mizigo yake. Jioni ile watu walikuja nyumbani kwake na majina yao.

Kaunta buku hilo ndilo lililokuwa kiini cha mbinu yake. Liligawanywa kwa mitaa na jumuiya, na chini ya kila jumuiya palikuwa na wagonjwa wasioweza kufika kwenye Chakula cha Bwana, wajane na yatima, watoto wa kipaimara pamoja na sehemu ya Katekisimo waliyofikia, ndoa zilizokwisha kutangazwa, watu waliokuwa wametengwa na hatua waliyofikia kurudi kundini, na kesi za mipaka ya vihamba zilizokuwa zikisuluhishwa. Rejista za usharika huonyesha nani alibatizwa, nani alifunga ndoa na nani alizikwa. Hazionyeshi nani hasemi na nani. Mchungaji mgeni asiyejua hilo huweza kuwakalisha maadui wawili katika kamati moja wiki ya kwanza, kisha akashangaa kwa nini ujenzi umesimama.

Fundisho la pili lilihusu hesabu. Kabla ya mchungaji kuondoka, baraza la wazee hukaa naye mezani na vitu huhesabiwa kimoja kimoja: kikombe na sahani ya ushirika, rejista, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, funguo za sanduku la sadaka, salio la benki, ahadi za ujenzi zilizolipwa na zisizolipwa, deni la mabati dukani. Mzee alitaka orodha hiyo isomwe kwa waumini wote, deni likiwemo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sadaka ni mali. Mkungu wa ndizi unaonadiwa nje ya kanisa baada ya ibada umetoka katika kihamba cha mtu anayejua bei yake.

Hapa mwandishi anatofautiana na mwalimu wake, na tofauti hiyo hawakuimaliza mpaka mzee alipofariki. Mzee aliweka machozi kwanza na hesabu baadaye, akisema mfiwa haulizwi deni siku ya msiba. Mwandishi aliweka hesabu kwanza, na ushahidi wake ni Maandiko yaleyale. Samweli, alipokabidhi uongozi, alisimama mbele ya watu wote akawataka waseme kama aliwahi kuchukua ng'ombe au punda wa mtu au kupokea rushwa. Walipomshuhudia kuwa ni msafi, ndipo alipowatia moyo. Paulo naye alipowaaga wazee wa Efeso kule Mileto, aliwakumbusha miaka 3 ya kazi yake na kwamba hakutamani fedha wala mavazi ya mtu. Kulia na kukumbatiana kulifuata baada ya hapo. Machozi juu ya hesabu iliyofungwa ni ya upendo. Yakimwagika wakati hesabu haijafunguliwa, hayana budi kuchanganyika na shaka.

Ubishi mkubwa zaidi, hata hivyo, haukuwa kati ya mwandishi na mzee. Ulikuwa kati yao wawili na kiongozi mmoja wa jimbo, mtu hodari wa kuhubiri, aliyeamini kwamba usharika usio na mchungaji upewe furaha upesi. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Watu wasiopata tumaini hutawanyika, madhehebu ya jirani yana vipaza sauti, na vijana hawakai matanga. Aliagiza kwamba Jumapili ya kwanza iwe ya Yoshua, kwaya zote ziimbe, na habari za fedha zisiguswe mpaka mchungaji mpya afike.

Agizo hilo lilifuatwa katika kituo kimoja ambacho mwandishi alikuwa akihudumu. Ibada ilichangamka, vigelegele vikapigwa. Baada ya hapo swali la deni la mabati likaanza kuulizwa chini chini. Kwa kuwa halikujibiwa kanisani, lilijibiwa mitaani, kila mtaa na jibu lake. Bahasha za ahadi zilirudi tupu. Kwaya kuu ikagawanyika kwa koo. Mchungaji mpya, kijana msafi asiyejua lolote, alipokelewa kwa ngoma kama mgeni njoo mwenyeji apone, na kabla ya mavuno ya kahawa alikuwa akiitwa mwizi kwa deni ambalo hakulikopa. Kiongozi yule hakurudi kueleza. Alihamishiwa kazi kubwa zaidi.

Wanaotaka mfano wa upole katika jambo la kuwaacha watu walie watausoma katika 2 Wafalme 2. Eliya alipochukuliwa, wana wa manabii kule Yeriko walimwomba Elisha ruhusa ya kutuma watu 50 wakamtafute. Elisha alijua hawatampata, akakataa. Walipomsihi sana akawaruhusu, nao walitafuta siku 3 wasimwone. Kiongozi mpya aliyajua yote, lakini aliwaacha watu wafike wenyewe mwisho wa kutafuta. Mchungaji anayekataza jina la mtangulizi wake kutajwa hajalisoma fungu hili. Anayemsema vibaya mtangulizi wake mimbarini amelisoma akalipuuza.

Wakati wa mpito una mitego yake kwa mwinjilisti mwenyewe. Wa kwanza ni kujifanya mchungaji: kubadili ratiba, kuanzisha michango, kukalia kiti cha ofisini. Wa pili ni kuwa chemchemi ya habari za nani ataletwa. Wa tatu ni kumpigia simu mchungaji aliyeondoka kila linapotokea jambo, mpaka usharika unaongozwa kutoka wilaya nyingine. Mzee alikuwa na kanuni fupi kwa mitego yote mitatu: mwinjilisti ashike kengele, asishike funguo za hazina. Kengele ilipigwa saa ileile kila Jumapili, mchungaji awepo asiwepo, na watu wengi walitiwa moyo na hiyo kuliko na mahubiri.

Kazi hii sasa inapungua. Uhamisho hutangazwa kwenye kundi la simu kabla ya barua kufika kwa wazee. Sherehe ya kumuaga mchungaji ina kamati, kadi za mchango, sare na mshereheshaji, lakini mara nyingi haina jioni ya kuhesabu vitu mezani. Wainjilisti vijana wana vyeti ambavyo mzee hakuwahi kuviona, na wanahubiri vizuri. Wengi hawajui jumuiya zao zina wagonjwa wangapi. Kila zama na kitabu chake, lakini hakuna zama ambazo mgonjwa amefarijika kwa ujumbe uliotumwa kwa watu wote kwa pamoja. Kijana anayetaka kuwatia watu moyo na aanze na miguu: apande mpaka nyumba ya mwisho ya mtaa, akae, aulize majina, ayaandike. Simu inaweza kutunza orodha hiyo kama daftari. Haiwezi kuitengeneza.

Mwandishi alistaafu baada ya kumpokea mchungaji wake wa mwisho, akamkabidhi kaunta buku mbele ya wazee na kupokea sahihi yake. Utaratibu alioutumia ni huu, na unafaa kwa usharika wowote ulio katika hali hiyo: hesabu zisomwe kwa waumini wote; watu waachwe walie na waseme kanisani; majina yaandikwe na kukabidhiwa; ndipo Yoshua sura ya 1 ihubiriwe, siku mchungaji mpya anapoingizwa kazini, naye akiwa ameketi pale pale anasikia. Wazee wa kanisa wasikubali ipunguzwe hata hatua moja, hata agizo litoke wapi.