Tajnisi na Usukani

Katika Kiswahili cha sheria za Tanzania, mgeni aliyepokewa akawa mwananchi huitwa raia wa tajnisi. Neno hili limetoka Uarabuni, na kwa mabingwa wa balagha wa huko lina maana nyingine ambayo wapenzi wa ushairi huenda wakaifurahia zaidi: tajnisi ni ile hila ya kuweka katika ubeti mmoja maneno mawili yenye sauti moja na maana mbalimbali, kama washairi wetu wachezavyo na kaa la moto na kaa wa pwani. Pengine aliyeliingiza neno hilo katika lugha ya sheria hakuwa na habari ya balagha, lakini hakukosa shabaha. Mtu wa tajnisi husikika sawa na jirani zake, na bado hawakosekani wa kumsikiliza mara ya pili, wakitafuta maana iliyofichama.

Kariakoo ni mahali pazuri pa kulitazama neno hilo. Jina la kitongoji chenyewe limetokana na wabeba mizigo: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kilichopiga kambi hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Jina likatafunwa na ndimi za wenyeji hata likawa Kiswahili kitupu. Mitaa nayo ina majina ya makwao watu, Kongo, Nyamwezi, Pemba, Mafia, Lindi, utadhani kila aliyehamia alifika na kwao mfukoni. Soko kuu, lile jengo la paa kama miavuli ya zege lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Lakini biashara ya Kariakoo haikuwahi kukaa ndani ya jengo moja. Mzigo ndio uhai wa pale, na mzigo hauna maana bila wa kuubeba. Anayesukuma mkokoteni hadaiwi leseni ya udereva. Mwenye usukani hudaiwa.

Miaka ya 2000 ilipokuwa ikielekea ukingoni alikuwapo hapo, upande wa Gerezani, utingo mmoja wa fuso. Alizaliwa mwaka 1979 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, miaka saba baada ya wazazi wake kuvuka mpaka wakikimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Shule aliisoma kwa Kiswahili. Mpira, matusi na mapenzi aliyajua kwa Kiswahili. Kirundi chake kilikuwa cha jikoni, cha kuombea chumvi na kuitikia mama. Hata hivyo, katika madaftari ya ofisi, watoto waliozaliwa makazini walihesabiwa wakimbizi kama wazazi wao, na Sheria ya Wakimbizi ya 1998, kama ile ya 1965 iliyoitangulia, ilimtaka mkimbizi awe na kibali ndipo atoke nje ya eneo alilopangiwa. Utingo alitoka Ulyankulu na kibali cha majuma machache. Kibali kikaisha naye yuko juu ya turubai, baina ya Kariakoo na Morogoro.

Dereva wake alikuwa mzee wa Kiha kutoka Kasulu, raia wa kuzaliwa asiye na shaka yoyote isipokuwa katika macho ya askari. Watu wa Kigoma wanaijua adha hii. Matamshi yao yanakaribiana na ya ng'ambo ya mpaka, basi Mha huulizwa kwao ni wapi hata akiwa amesimama kwao. Ikawa kichekesho cha njiani kwamba kwenye vizuizi aliyesumbuliwa ni mzee mwenye nchi, ilhali utingo, aliyejifunza lafudhi ya Dar es Salaam kwa bidii ya mtu anayejifunza kuogelea mtoni, aliachwa aende zake. Mzee alilikasirikia jambo hilo hata Chalinze, kisha akacheka.

Mzee ndiye aliyemfundisha gari. Si kwa mpango, kwa uchovu. Mzigo wa Kariakoo aghalabu hupakiwa usiku, na fuso lazima lisogezwe hatua mbili mbele, hatua nne nyuma, kupisha guta, kupisha lori jingine, kupisha muuza mitumba aliyelala juu ya marobota yake. Mzee alishuka kunywa kahawa na kumwachia utingo usukani. Katika miaka miwili kijana akawa anaweza kulirudisha fuso kinyumenyume mpaka mlango wa ghala usiku wa giza, kwa kusikiliza tu mtu akipiga bodi kwa kiganja. Makuli walimjua. Tajiri, yaani mwenye gari, alimjua pia, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa kuwa macho ya mzee yalikuwa yakififia na tajiri aliliona hilo mapema kuliko mzee mwenyewe.

Akamwambia utingo akatafute leseni.

Msomaji wa visiwani, ambako leseni hutolewa na mamlaka ya Zanzibar kwa utaratibu wake, pengine aelezwe kidogo habari ya Bara. Leseni ya Bara inasimama juu ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Mwanafunzi hupata kwanza leseni ya daraja H, husoma katika chuo cha udereva, hujaribiwa na polisi wa usalama barabarani na kupewa cheti cha umahiri. Kisha Mamlaka ya Mapato humtolea leseni, baada ya kuwa na namba ya mlipakodi. Sheria haisemi kwamba mwenye usukani lazima awe raia. Mgeni mwenye pasipoti na kibali halali cha ukaazi huipata leseni, na ombi lake la uraia, likiwa mezani kwa Waziri, halimzuii kuendesha. Anayezuiwa ni yule asiye na upande: hana pasipoti ya alikotoka wazazi, hana kibali cha ukaazi, hana cheti cha uraia. Hakuna aliyemkataza kuendesha gari. Hana tu cha kuonyesha anapoulizwa jina lake limeandikwa wapi.

Na wakati huo utingo alikuwa katika hali ya ajabu zaidi. Mwaka 2007 Serikali iliwapa wakimbizi wa 1972 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi mno waliomba. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba zaidi ya watu 162,000 wamekubaliwa, jambo ambalo duniani ni nadra, na Tanzania ilisifiwa kwa haki. Utingo alikuwa ameenda Ulyankulu kujaza fomu pamoja na mama yake. Walitakiwa kuukana uraia wa Burundi, wakaukana. Lakini vyeti havikutoka. Mpango ulikuwa kwanza wahame, wayaache makazi, wasambazwe mikoa mingine ndipo wakabidhiwe. Na mikoa hiyo haikuwa tayari, na wenye mashamba nao hawakuwa tayari kuyaacha. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Uraia ulikuwa umetajwa kwenye redio na haumo mkononi. Mtu ameacha la kwanza, la pili hajapewa.

Tajiri hakuwa na subira ya hadithi ndefu kama hii. Alijua njia fupi, nayo Kariakoo ilikuwa wazi kama mlango wa duka. "Vishoka wapo," alisema. "Toa picha mbili, toa hela, Ijumaa unaendesha."

Utingo alimwomba siku tatu. Usiku wa pili, wakiwa juu ya mzigo, alimwuliza mzee.

"Mzee, wewe ungechukua?"

"Mimi nimezaliwa nchini hapa, mwanangu. Ningechukua leo hii, nikikamatwa ningelipa faini na kuaibika. Wewe ukikamatwa hawataishia kwenye leseni."

Mzee hakuwa msomi wa sheria, lakini alilisema lililomo. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mwombaji wa tajnisi awe na mwenendo mwema. Na uamuzi wa Waziri, awe amekubali au amekataa, hautolewi sababu wala haukatiwi rufani. Kwa mtu wa kawaida leseni ya bandia ni kosa la barabarani. Kwa aliyesimama mlangoni pa uraia ni uzi unaoweza kuvutwa mpaka nguo yote ikafumuka. Sheria hiyohiyo inamtaka mwombaji ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Inafaa kulitafakari hilo katika jarida kama hili. Kipo kipengele kimoja katika maisha ya utingo ambacho hakuna ofisi iliyoweza kukitilia shaka, nacho ni lugha, na ndicho kilichomsaidia kidogo kuliko vyote.

Alikataa njia ya vishoka. Tajiri akaajiri dereva mwingine wa kusaidiana na mzee, kijana mwenye leseni halali na mkono mbaya, akavunja gia katika mwezi wa kwanza. Usiku, mlangoni pa ghala, aliyerudisha gari alikuwa bado ni utingo. Mchana alikaa juu.

Jambo hili si la Kariakoo peke yake. Marekani, ambako Waafrika Mashariki wengi husubiri majibu ya hifadhi kwa miaka, sheria ya REAL ID ya 2005 iliruhusu anayesubiri hifadhi apewe leseni ya muda, inayokwisha na kuhuishwa pamoja na subira yake; na jimbo la California, kuanzia Januari 2015, liliamua kumpa leseni hata asiye na karatasi za ukaazi, kwa hoja nyepesi kwamba barabara ni salama zaidi akijaribiwa kuliko akijificha. Ni hoja inayostahili kusikilizwa kwetu. Karibu zaidi na visiwa vyetu, Wapemba wa pwani ya Kenya waliishi vizazi na vizazi bila kitambulisho, na mvuvi bila kitambulisho hapati leseni ya kuvulia katika bahari ambayo babu yake aliivua. Mpaka mwaka 2023 walipotambuliwa kuwa miongoni mwa jamii za Kenya. Ngalawa ama fuso, chombo hakiulizi. Huuliza wa nchi kavu.

Mwaka 2013 ulikuwa mbaya. Ilikuja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na ingawa Dar es Salaam ilikuwa mbali, habari zilisafiri kwa mabasi. Utingo akaacha safari za Morogoro. Kwa miezi kadhaa hakuvuka Ubungo. Alipakia, alipakua, alisukuma mkokoteni wa kukodi toka Mtaa wa Kongo mpaka Msimbazi, kazi isiyo na kizuizi cha barabarani. Na mzee, ambaye sasa hakuweza kusoma namba ya gari la mbele, aliendelea kuendesha kwa mazoea na kwa dua.

Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa, na sharti la kuhama likalegezwa. Cha utingo alikipokea Ulyankulu mwaka uliofuata, katika foleni iliyomchukua siku nzima pamoja na mama yake, ambaye alikishika chake kwa ncha za vidole kama sahani ya moto na kuuliza kama kitaharibika mvua ikinyesha. Kilipigwa nailoni siku ileile.

Mengine yalikwenda upesi, na hayana utamu wa kusimuliwa. Daraja H, chuo, mtihani. Mwalimu wa chuo alimwambia anashika usukani kama mtu wa lori na kumtaka asahau alichojifunza usiku. Polisi akamfaulisha. Leseni ya kwanza ilikuwa daraja D, ya miaka mitatu kwa shilingi 40,000 za wakati huo. Tangu 2019 ni miaka mitano kwa 70,000. Daraja D haliruhusu magari mazito, basi aliyelirudisha fuso gizani kwa miaka minane akaendesha kirikuu, akipeleka ndoo za plastiki Mbagala, huku akingoja tena, safari hii daraja E. Alingoja bila manung'uniko. Kungoja alikuwa fundi.

Mtu akitaka kuanza safari hiyo leo atakuta mlango umebadilika umbo. Namba ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20 zinazoanza na tarehe ya kuzaliwa, ndiyo inayofungua mingine yote: laini ya simu, ambayo tangu Januari 2020 isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa, akaunti ya benki, namba ya mlipakodi, leseni. Utingo wa 2008 aliweza angalau kuwa na simu.

Alipopata daraja E, mzee alikuwa ameacha kazi. Alikaa kwa mwanawe Vingunguti, akiota jua. Tajiri alilitoa fuso kwa mzigo wa Morogoro, na yule aliyekuwa utingo akapita Vingunguti alfajiri kumchukua mzee, bila kumwambia tajiri. Walimpandisha upande wa kushoto, kiti ambacho mzee hakuwahi kukikalia katika gari lile. Akalalamika kwamba kimebonyea. Kuanzia Kimara akaanza kusahihisha gia, moja baada ya nyingine, kwa kusikiliza tu injini, na walipofika Mlandizi alikuwa bado anasema, "Sasa, kijana. Sasa. Umechelewa."